Macho nachora mimi, saini ni ya bamkwe

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mke wa mtu hapa Amu, yaani Lamu, mzaliwa wa Faza. Nina miaka 11 ya ndoa na watoto wawili. Nakuandikia usiku, wenyewe wa nyumba wamelala, kwa sababu mchana nyumba hii haina pembe isiyo na mtu.

Nimeolewa nyumba ya wachoraji. Si wale wa punda na jahazi la machweo, picha za kuwauzia wageni ukingoni. Bamkwe wangu huchora mambo ambayo hakuna aliyeyaona: mtepe, chombo cha kale cha kushonwa, unaopaa juu ya uwanja wa Mkunguni na tanga lake la mkeka, majini wanaocheza bao juu ya paa la Ngome, chunusi, lile zimwi la majini, akimshika mpiga mbizi kifundo cha mguu, Fumo Liyongo, shujaa wa hadithi za pwani, amepiga goti kisimani na upinde wake mkononi, kesha kufa na watu wa mji bado wanaogopa kuteka maji. Kazi hiyo ameifanya tangu ujana wake, na sasa ana miaka 71. Mume wangu hutengeneza fremu na kuzungumza na wateja. Wifi yangu hutandika rangi nyeupe ya kwanza kwenye turubai. Shemeji huchukua picha akaenda kuziuza Malindi, kwa wenye hoteli na Wataliano. Mavyaa ndiye mshika fedha.

Mimi nilikuja na hina yangu tu. Kwetu nilikuwa nikipamba maharusi. Baba, ndiye huyo bamkwe, aliona mkono wa bibi harusi mmoja wa mtaani, akauliza nani kauchora. Kesho yake aliniita darini, chini ya makuti, akanipa brashi nyembamba kuliko zote alizokuwa nazo, akasema nichore magamba ya samaki mpaka aniambie basi. Nilichora magamba wiki tatu. Siku aliyosema basi, alinipa mkia mzima wa nguva nimalize.

Miaka mitatu iliyopita mkono wake ulianza kutetemeka. Nilikuwa namshikia taa. Brashi ilikuwa juu ya uso wa Liyongo, ikawa inagonga kitambaa kama kuku anayedonoa mtama. Akaiweka chini. Akaniambia kwa Kiamu chake, "Mwanangu, hebu nitilie mato haya." Nikatia yale macho. Tangu siku ile nyuso zote ni zangu, mikono yote ni yangu, na sasa hata mawingu. Yeye hukaa kitini akanielekeza, kisha hutia saini.

Sikuwa na kinyongo, wallahi. Baba kanifundisha kazi ambayo mamangu mzazi hakuijua. Lakini nafsi ina mambo yake. Katika kila picha niliyoichora tangu hapo nimetia ua dogo la hina, kubwa kama punje ya mchele, kwenye pindo la nguo ya mtu au kwenye ukingo wa tanga. Sikumwambia mtu yeyote.

Sasa sikia. Mwaka jana Baba alilala kitandani miezi miwili, na mimi nikachora picha moja mwanzo hadi mwisho: kijakazi Saada anampelekea Liyongo mkate wa wishwa gerezani, na tupa imefichwa ndani ya mkate. Mjerumani mmoja anayetengeneza michezo ya karata aliiona ukutani, akaipenda, akaagiza picha 12 za namna hiyo. Alituma shilingi 60,000 za kuanzia kwenye M-Pesa ya mume wangu. Zile fedha zilinunua mashine kuukuu ya boti ya shemeji. Mimi nilijua nilipoisikia ikiunguruma.

Mwezi huu Mjerumani ametuma mkataba. Anataka jina la mchoraji ili lichapishwe kwenye kila karata, na anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Mume wangu akasema, "Tia la Baba. Jina la Baba ndilo linalouza. Lako nani analijua?" Nilinyamaza. Siku mbili baadaye alikuwa anapigilia fremu, akaliona ua. Akaenda kwenye picha nyingine mbili zilizokuwa zinangoja, akayaona na humo. Alikuja kwangu na misumari midogo midomoni. Akaitema mkononi mmoja mmoja kabla hajasema neno, kisha akaniambia kwamba mimi ni mwizi ninayelala kitandani pake.

Mavyaa amesema mkono wa mke ni wa nyumba. Baba alikuwepo, aliyasikia yote. Alichosema ni kwamba taa isogezwe. Mume wangu na mimi sasa tunasemezana kwa kupitia watoto. Na binti yangu wa miaka 9 ameanza kuchora ua lile lile kwenye pembe za daftari lake la shule, na sikumfundisha.

Je, nimekosea kutaka jina langu? Nimwambie Mjerumani kweli? Au niiweke brashi chini nirudie hina yangu?

Mkono wa Nyumba, Amu

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu, maana kuna mizigo miwili humo na wewe umeifunga kanga moja. Kuna picha za miaka mitatu zenye saini ya bamkwe wako. Halafu kuna karata 12 za Mjerumani. Tuifungue kanga.

Zile za kwanza sizioni kuwa ni wizi. Nenda Matondoni utazame jahazi linavyoundwa: mmoja anachonga mataruma, mwingine anatia kalafati, kijana anapaka sifa, yale mafuta ya samaki, na likishuka majini watu wanasema hili ni la fundi fulani. Hakuna anayelia, kwa sababu pwani nzima imeona nani alishika tezo. Picha umezichora wewe, lakini aliyewaza mtepe upae ni yeye, aliyekukalisha wiki tatu kwenye magamba ni yeye, na anayesema wingu lisogee kushoto ni yeye. Kasoro ya nyumba yenu ni kwamba kule darini hakuna pwani. Hakuna aliyeona. Mgeni anaondoka akidhani amenunua mkono wa mzee wa miaka 71, na nyinyi nyote mnamwacha adhani hivyo.

Na ua la hina, mwanangu, sikupongezi. Najua wasomaji wengi watakupigia vigelegele. Mimi namwona mumeo, miaka mitatu anazipigilia fremu picha hizo kwa mikono yake, anapangusa vumbi juu ya siri ambayo mkewe kaiweka pale na hakumwambia. Neno alilokutupia ni baya na hakuwa na haki ya kulisema. Lakini kilichomchoma hasa nadhani sicho anachokitaja. Yeye ni mtoto wa kiume wa mchoraji, amezaliwa katikati ya rangi, na brashi haikumkubali. Ikamkubali mke aliyetoka Faza na kikopo cha hina. Hilo hajawahi kulisema kwa mtu, hata kwa nafsi yake, na kila jicho unalolitia linamkumbusha. Kwa hiyo muombe radhi kwa kuficha. Usimuombe radhi kwa kuchora. Mambo hayo ni mbalimbali, na usiku utakapoyasema uyatenganishe waziwazi.

Halafu mwambie habari hii, maana nyumba yenu si ya kwanza.

Marekani kulikuwa na mchoraji wa mashujaa na madude, Frank Frazetta, aliyezaliwa 1928. Katika watu wa kazi hii huyo ni kama nahodha wao. Mkewe Ellie ndiye aliyekuwa akiuza, akibishana na wachapishaji, akizilinda picha zenyewe zirudi nyumbani baada ya kuchapishwa ili zisiishie mikononi mwa watu. Picha hizo ndizo zilizojaza makumbusho ya familia kule Pennsylvania. Frazetta alipopatwa na kiharusi na mkono wake wa kulia ukalegea, alijifunza kuchora kwa wa kushoto. (Mweleze bamkwe wako hili, ila ungoje siku amefurahi.) Sasa tazama: kazi aliyokuwa nayo Ellie ndiyo aliyonayo mumeo. Nyumba isingesimama bila yake. Mumeo amekaa akijiona seremala wa fremu, na hakuna aliyemwambia kuwa yeye ndiye mwenye kushika usukani. Mwambie wewe.

Lakini habari haikuishia hapo. Ellie alifariki Julai 2009. Desemba ya mwaka huo mmoja wa watoto wao alikamatwa akiwa na mashine ya kuchimbia, mlango wa makumbusho umevunjwa, picha kama 90 ziko tayari kuondoka. Baba yao alikuwa hai bado! Walipatana Aprili 2010, na mzee akafa Mei. Mwezi mmoja tu wa amani. Mimi nikisoma habari hiyo siwafikirii wao, nafikiria boti ya shemeji yako inayovuka Mokowe na picha nne zilizokunjwa ambazo hakuna aliyeziandika popote.

Kwa hiyo kabla ya jina, daftari. Nunueni daftari gumu la dukani pale Usita wa Mui, na alishike mumeo. Kila picha iandikwe: inaonyesha nini, urefu na upana, tarehe, nani kawaza, nani kachora nini, nani kaichukua, imeuzwa bei gani. Ipigwe picha kwa simu kabla haijatoka mlangoni, na shemeji atie sahihi anapoichukua. Akikasirika, muulize anakasirikia nini. Meseji za M-Pesa zisifutwe. Mavyaa aendelee kushika fedha, wala usimnyang'anye, ila fedha iwe na mstari wake daftarini. Akisema mambo ya kuandikiana ni ya watu wasioaminiana, mkumbushe kwa adabu kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 katika Al-Baqara, imeshuka kwa ajili ya kuandikiana deni. Na zile 60,000 msizigombanie tena. Mashine imeshanunuliwa na samaki wanavuliwa. Ziandikwe ukurasa wa kwanza kuwa ni deni unaloidai nyumba. Anachochuma mke ni mali yake, hilo masheikh wa Amu watakwambia kabla hujamaliza kuuliza.

Sasa jina. Nyumba nyingine za wachoraji wa aina hii zimelimaliza jambo hilo kwa njia zao. Greg na Tim Hildebrandt walikuwa pacha, wamezaliwa Detroit 1939, na walichora wote wawili kwenye kitambaa kimoja, wakasaini kwa jina moja la ndugu wawili. Watu walijua kuwa ni mikono minne. Mwaka 1981 waliachana kikazi, kila mmoja akashika njia yake, wakarudiana baada ya miaka zaidi ya kumi. Kuna Boris Vallejo, mzaliwa wa Peru, na mkewe Julie Bell. Walioana 1994. Boris alikuwa tayari ana jina kubwa, na mke akaanza kuchora mambo yale yale ya majoka na mashujaa. Mke hakumezwa. Kazi yake ina jina lake, ya mume ina la mume, na wanaposhirikiana yanatoka yote mawili. Watoto wa kiume wa pande zote mbili nao wakawa wachoraji. Hakuna aliyefilisika kwa sababu saini ni mbili.

Kwa picha za nyumbani kwenu mimi ningechukua ile ya pacha. Saini ya bamkwe ibaki mahali pake, na nyuma ya turubai iandikwe: imewazwa na fulani, imechorwa na fulani. Ua la hina litoke mafichoni. Liwekwe karibu na saini ya mzee, kubwa kidogo, lionekane.

Lakini karata za Mjerumani hazina majadiliano. Picha aliyoipenda ni ya Saada, na Saada ni wako mwanzo mpaka mwisho. Kumpelekea jina la mzee ni kumuuzia dagaa kwa jina la nguru, na ndani ya mkataba ulioandikwa inakuwa kosa zaidi. Mwambie kweli. Na mkataba wenyewe usomeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo wasanii wengi huumia. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, ukichora kwa hiari yako hakimiliki ni yako, uhai wako wote na miaka 50 baada ya mwaka utakaofariki. Lakini kazi ya kuagizwa huhesabiwa kwamba hakimiliki yake imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kwa hiyo mkubaliane vingine: anapata ruhusa ya kuzichapa kwenye karata tu, picha zenyewe zinarudi Amu, na akitaka kuzitia kwenye fulana au vikombe anarudi kuongea, na anarudi na fedha. Mkataba wa lugha ngeni mpelekeeni wakili, hata kama ada inauma. Ile picha ya Saada unaweza kuiandikisha kwenye Bodi ya Hakimiliki. Hakimiliki huja hata bila kuandikisha, lakini cheti husaidia siku ya ubishi.

Kuna jambo moja hukuliuliza na ndilo linaloninyima usingizi. Wewe ni mkwe. Mkwe hamrithi bamkwe wake, hata senti. Siku mzee atakapoitwa na Mola wake, Mungu ampe umri, picha zote zenye jina lake tupu zitakwenda mbele ya kadhi kama mali yake: mjane wake thumuni, kilichobaki wagawane watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike fungu moja. Miaka mitatu ya macho yako itagawanywa na wewe utakuwa jikoni unapika chakula cha hitima. Na binti yako wa daftari naye hapati, kwa kuwa wana wa kiume wa mzee wako hai. Mlango uliopo ni wasia. Mtu anaweza kumuusia asiye mrithi mpaka thuluthi ya mali yake, na wewe na binti yako si warithi. Au akupe hiba sasa, yu hai, mbele ya mashahidi: picha kadhaa, brashi, hata lile dari la kuchorea. Usilitamke wewe kwanza. Mwombe mumeo alitamke, au sheikh ambaye mzee huzungumza naye barazani baada ya alasiri. Kuna watu watakwambia picha zenyewe za viumbe zina maneno katika dini. Hilo hukuniuliza, na mimi silijibu.

Kwa mzee, nenda peke yako. Mpelekee kahawa darini saa anayoipenda, mwashie taa, ukae chini pale ulipokaa wiki tatu za magamba. Usimwambie habari ya haki. Mshikie picha yoyote umwulize, "Baba, mato haya ni ya nani?" Kisha unyamaze. Wewe umesema alipoyasikia maneno ya mumeo aliomba taa isogezwe. Mimi sikuelewa kama wewe. Mchoraji anayeona macho mazuri ya mtu mwingine kwenye kazi yake kwa miaka mitatu, ua la ukubwa wa mchele halimpotei. Naona alitaka kulitazama vizuri.

Brashi usiiweke chini. Hina ifanye Ijumaa ukipenda.

Na Mjerumani usimwache mpaka mwisho wa mwezi. Mwandikie hivi, mumeo akiwa karibu na simu ikiwa mkononi mwake yeye: "Picha ya Saada uliyoiona nimeichora mimi, mkwe wa mzee. Karata 12 nitazichora mimi, kwa jina langu, na mzee ndiye mwalimu wangu. Mambo ya mkataba na malipo utazungumza na mume wangu." Akimaliza kuisoma, mwache aitume yeye.